Bingo yao safi, boksi za pultabu zimenichefua

Kiwanda hiki cha Marekani kinajitangaza kwa miaka yake mingi ya kuchapia makanisa, klabu za wanajeshi wastaafu na vikosi vya zimamoto michezo ya kuchangisha fedha. Nakipa nyota moja, na hiyo ni ya karatasi za bingo peke yake, ule mchezo wa kuweka alama kwenye namba zinazotajwa ukumbini.

Kwa wasioijua, pultabu haikwanguliwi kama tiketi za bahati nasibu za kwetu. Ni kadi ya tabaka mbili zilizogundishwa. Unachana vidirisha vya nyuma ndipo alama zionekane. Kila boksi ni mchezo kamili, na zawadi zake zimepangwa tangu kiwandani. Tuseme boksi lina tiketi 2,400 za dola 1, na zawadi zote ni dola 1,920. Likiisha, zinabaki dola 480, na hizo ndizo zinazobeba kodi, gharama na msaada wenyewe. Ndani ya boksi huja bango la zawadi la kutundika ukutani, lenye namba ya mfululizo ileile iliyo kwenye kila tiketi. Namba zisipolingana, mchezo huo hauuzwi.

Basi katikati ya baridi hii tumefungua boksi: jina la mchezo sawa, picha sawa, namba ya fomu sawa, namba ya mfululizo ya bango nyingine kabisa! Namba ya fomu inatambulisha muundo tu, na muundo mmoja unaweza kuwa na maboksi mengi. Bango likiingia boksi la jirani, la jirani nalo linakosa la kwake, kwa hiyo ukikuta moja limekosewa, kagua yote ya fomu hiyo. Tukakagua. La pili lilikuwa na kosa lilelile.

Aliyepokea simu ya huduma kwa wateja hakuuliza hata namba. "Zawadi si zilezile? Tundikeni, uzeni." Pole hakuna, samahani hakuna. Mtu wa kiwandani anasema hivyo! Mkaguzi hasomi picha, anasoma namba, na ankara ya ununuzi inayo namba hiyohiyo. Kwenye michezo ya mhuri ni hatari zaidi, maana kinachomtambulisha mshindi wa zawadi kubwa kimefichwa kwenye bango, chini ya mhuri unaobanduliwa mwishoni. Ukitundika bango la boksi jingine, unaweza kumlipa asiyestahili na kumnyima mwenye haki yake.

Na kazi hii yote imesimama juu ya namba. Edwin Lowe, muuza vitu vya kuchezea watoto wa New York, alipoanza kuuza bingo mwaka 1929 na 1930, seti yake kubwa ilikuwa na kadi 24. Inasimuliwa kuwa padri mmoja wa Pennsylvania alimlalamikia: ukumbi ukijaa, kadi zinajirudia na washindi wanatokea kwa mkupuo. Lowe akamwajiri Carl Leffler, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, amtengenezee kadi 6,000 zisizofanana. Leo seti ya kawaida ya karatasi za bingo inafika kadi 9,000.

Na hapo, haki yao niwape. Vitabu vyao vya bingo ni vizuri sana. Gundi ya ukingoni inashika lakini kurasa zinachanika bila kuraruka, wino wa kugongea namba zilizotajwa hauvuji kwenda ukurasa wa chini, na rangi za kurasa zinafuatana kama ratiba ya michezo. Angalizo moja tu: ukiuza kutoka maboksi mawili ya rangi moja, soma kwanza namba za mwanzo na mwisho zilizoandikwa nje, zisiingiliane. Kwa bingo hiyo nilikuwa tayari kupandisha hadi nyota tatu. Lakini "tundikeni, uzeni"? Hapana, haipandi.

Mnaonunua kwao, linganisheni namba sehemu tatu kabla ya kusaini risiti ya mzigo: nje ya boksi, kwenye bango, na kwenye tiketi chache za kila fungu. Zikitofautiana, msikate mikanda ya mafungu. Pigeni picha namba zote, rudisheni boksi zima kwa msambazaji pamoja na nakala ya ankara, na mdai marejesho kwa maandishi, gharama ya usafirishaji ikiwemo. Sisi yetu ya maboksi mawili bado tunaidai.