Kustaafia mwisho wa reli: uzoefu wangu wa kuishi Kigoma

Pensheni yangu ni ya mwalimu wa sekondari, kwa hiyo tusidanganyane: ufukweni Dar es Salaam au Zanzibar ningeishia chumba cha uani. Hapa Kigoma nimepanga nyumba nzima upande wa Bangwe, yenye uzio, mwembe na baraza inayotazama Ziwa Tanganyika, kwa kodi ambayo Sinza, Dar, ingenipa chumba na sebule. Kwenye pesa sina manung'uniko. Mengine yanataka maelezo, hasa kwa vile shemeji yangu wa Mombasa ameanza kuuliziauliza, na anaye mwenzake nyuma.

Watu wa pwani wakisikia ziwa wanafikiria bwawa la tope. Hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na kwenye mchanga maji yake yanaonyesha mpaka vidole vya miguu. Halina chumvi, kwa hiyo mabati, baiskeli na nondo za dirisha haviliwi na kutu kama Mombasa au Tanga. Halina kupwa na kujaa pia. Ukitaka kuoga saa kumi jioni, maji yako palepale. Jioni jua linazama nyuma ya milima ya Congo, ila kiangazi kikikolea ukungu wa vumbi na moshi unaifunika milima yote, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima akidhani tunamtania. Angalizo moja: kichocho kipo. Penye matete au maji yaliyotuama siingii hata kwa dawa, na kipimo nafanya kila mwaka.

Chakula ndicho kilichonishika. Dagaa wa hapa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo bei inafuata mwezi. Giza likiwa totoro, dagaa wabichi wamejaa na mama muuzaji anakubembeleza. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wengi wanapumzika, na mama huyohuyo hakujui. Mstaafu mwenye akili ananunua wakati wa giza na kukausha wa kwake. Samaki aitwaye mgebuka, wa kuchoma, au wa kuungwa kwa mawese na kuliwa na ugali wa muhogo, sijaona mfano wake pwani, na nasema hivyo nikiwa mtu wa Bagamoyo. Maharage yanashuka kutoka Kasulu, mengine yote nayapata soko la Mwanga. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, tulirudi kwenye maharage na mlenda kama watu wa bara kabisa. Nililalamika kama wengine, ingawa hatua yenyewe naiunga mkono.

Sasa afya, na hapa ndipo nampima kila anayetaka kuja. Presha na sukari zinaangaliwa vizuri tu mjini. Lakini jambo likihitaji bingwa au kipimo kikubwa, unaandikiwa rufaa, na rufaa maana yake ni Bugando kule Mwanza au Muhimbili kule Dar. Jicho langu la kulia lilinifundisha hivyo. Kituo kimoja kiliniambia nisubiri daktari anayekuja kwa ratiba, ratiba ikasogezwa, ikasogezwa tena, mwisho nikapanda ndege. Nauli ile ilimeza kodi ya miezi kadhaa niliyodhani nimeiokoa. Tangu hapo nina akaunti ya pembeni ya safari ya ghafla, na haiguswi hata kwa harusi ya mpwa. Mwenye moyo au figo zinazosumbua nisingemshauri aje, hata kama nyumba angepewa bure.

Umbali nao ni shida ileile. Reli ilifika hapa 1914, na treni ya zamani mpaka leo ni safari ya kulala njiani. Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, tunaisubiri. Wajukuu wanakuja likizo ndefu tu. Kila nikijiona mzee naitazama historia ya Liemba, meli kongwe ya ziwa hili: ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na bado watu wanahangaika kuikarabati.

Majirani wamenipokea. Jifunze kusema "mwakeye" asubuhi na usiwe na haraka, maana salamu ya Waha, wenyeji wa hapa, haikatwi katikati. Mimi wananiita Mwalimu, mke wangu Mama Mkubwa, na akiugua mmoja wetu uji unafika kabla hatujaomba. Kelele zipo: disko la wikiendi upande wa pili wa ghuba, na maji yakibeba sauti huwezi kuifungia dirisha.

Kwa mtu wa nje ya nchi, akiwemo shemeji: wastaafu wanaomba kibali cha ukazi cha daraja C. Ardhi ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hapo Mkenya ni mgeni sawa na Mjerumani. Watakuja madalali wenye maneno laini kwamba kiwanja kiandikwe jina la mwenyeji, wakimbie. Panga tu. Kodi za hapa hazimfanyi mtu atamani kujenga.

Shemeji nimemwambia aje Novemba, mvua zikiwa zimeshika, barabara za mlimani zikiteleza na umeme ukikatika usiku. Julai kila mtu anaipenda Kigoma. Nyumba iliyo juu yetu itakuwa wazi kuanzia Oktoba: ina simtanki na choo cha ndani, ila kwa mlima ule bodaboda wanaongeza nauli, na gesi ya mtungi anayeipandisha lazima umlipe ya kwake.