Plagini za bure za sauti kwa studio ya nyumbani Mombasa: zipi zinafaa, na wapi ototyuni inaharibu

Vyumba vingi vya kurekodia vya mitaani Mombasa, iwe Majengo, Kisauni au ng'ambo ya Likoni, vinafanana: sakafu ya vigae, kuta tupu za mawe, na feni ambayo ikizimwa mwimbaji anatota jasho kabla ya ubeti wa pili. Maelekezo mengi ya plagini (programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu ya kurekodia) yameandikwa na watu wa vyumba vyenye zulia na mapazia mazito, ndiyo maana mtu anafuata kila hatua na sauti bado inatoka kama imeimbiwa bafuni. Plagini zinazojadiliwa hapa ni za bure, zinaenda kwenye laptopu ya kawaida, na kwa sauti ya mwimbaji mmoja zinatosha. Usinunue kitu mpaka hizi zikushinde kwa sababu unayoweza kuitaja.

Kiwango kwanza, maana hakuna plagini inayolitibu hili vizuri. Rekodi kwa biti 24, na mwimbaji akipaza kabisa kilele kisipite -10 dB kwenye mita, ambapo 0 ndipo sauti inapopasuka. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki.

ReaPlugs ni furushi la plagini la Cockos, wale wa programu ya kurekodia ya REAPER. Ni la Windows. Anayetumia REAPER yenyewe anazo ndani tayari, hata akiwa na Mac. Sura yake ni vitelezi na namba tu, na wengi huipita kwa sababu hiyo. Wanakosa, kwa sababu mle ndani mna ReaFIR, na kwa feni hiyo ndiyo dawa. Kabla ya kuimba, rekodi sekunde tatu za kimya huku feni ikizunguka. Weka ReaFIR kwenye treki, chagua hali ya Subtract, ukubwa wa FFT 4096, tia alama kwenye kisanduku cha kuchukua picha ya kelele, cheza kile kimya peke yake, kisha ondoa alama kabla mwimbaji hajaanza. Kusahau kuiondoa ndilo kosa la kila siku: plagini inaendelea kujifunza, inamhesabu mwimbaji kuwa ni kelele, na inamla maneno. Ukisikia viputo, kama mtu anaimba chini ya maji, umekata kupita kiasi. Shusha ile picha ya kelele desibeli 4 hadi 6 na uuvumilie mvumo kidogo. ReaFIR inaondoa kelele isiyobadilika tu. Tuktuk inayopita nje haiiwezi, wala mwangwi wa vigae.

Mvumo wa umeme ni jambo jingine. Maelezo ya Kimarekani yanakwambia ukate 60 Hz. Umeme wa Kenya ni 50 Hz, kwa hiyo mvumo unakaa kwenye 50, 100 na 150. Kichujio cha kukata chini ya 80 Hz kinaupunguza ule wa 50, lakini 100 na 150 zinabaki, na hizo ndizo zinazosikika kwenye hedifoni. Kabla ya kuzikata, chomoa chaja urekodi kwa betri. Mara nyingi mvumo unakoma papo hapo.

Sasa TDR Nova ya Tokyo Dawn Labs. Ningeambiwa nibaki na plagini moja, ningebaki na hii. Ni ekwalaiza, yaani kifaa cha kupandisha au kukata sehemu fulani za sauti, nene au nyembamba, ya bendi nne, na kila bendi unaweza kuilaza mpaka sauti ivuke kizingiti ulichoweka. Ekwalaiza ya kawaida ukikata 6,500 Hz, inakata mstari mzima, irabu na s pamoja, na sauti inafubaa. Nova inangoja s ifike, inaikandamiza, inaiachia.

Jaribu hivi. Chukua neno "asubuhi" kwenye rekodi yako na ulizungushe peke yake. Washa bendi ya nne, iweke karibu na 6,500 Hz kwa sauti ya kiume au 7,500 kwa ya kike, upana wa Q 2, uwiano 4:1. Washa kizingiti cha bendi hiyo, maana kikiwa kimezimwa Nova ni ekwalaiza ya kawaida tu, na hapa ndipo wengi hukwama wakasema haifanyi kazi. Teremsha kizingiti taratibu. Utaona mkunjo unadidimia kwenye s na kurudi mahali pake kwenye u. Desibeli 4 hadi 6 zinatosha. Ukifika 10, s inaanza kusikika th, na kwa Kiswahili hilo si dogo: samani ikisikika thamani, umembadilishia mwimbaji neno.

Bendi ya kwanza ipe kazi ya pumzi. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina p, t na k zenye mpumuo, ule unaomtenga paa wa porini na paa la nyumba, na mpumuo huo unaupiga utando wa maiki moja kwa moja. Iweke kwenye 120 Hz na kizingiti kikae juu, ikamate mipigo tu. Ila maiki ikigeuzwa kidogo pembeni, kama nyuzi 30 kutoka mdomoni, bendi hii haitakuwa na kazi nyingi, na hivyo ndivyo bora.

Kwa kompresa, inayozishusha sauti kubwa zikaribiane na ndogo, ReaComp ya furushi lile lile inatosha: uwiano 3:1, kukamata (attack) milisekunde 10, kuachia (release) milisekunde 120, na kizingiti ukiteremshe mpaka maneno makali yapungue desibeli 3 hadi 5. Ukiweka kukamata milisekunde 1, konsonanti zinafifia na mwimbaji anasikika amechoka. Zima nyongeza ya sauti ya moja kwa moja, kwa sababu sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho kizuri; linganisha kwa kiwango kilekile ukiwasha na kuzima. Baada yake weka LALA ya Analog Obsession, mwigo wa kompresa ya LA-2A ya miaka ya 1960, na iache ipunguze desibeli 2 au 3 tu. Mbili zikigawana mzigo hazisikiki. Moja ikiubeba wote inasikika inapumua. Na kumbuka kila desibeli unayoirudisha baada ya kukandamiza inapandisha pia feni na vigae. Ndiyo sababu ReaFIR inakaa kabla, si baada.

Ototyuni, plagini inayoivuta sauti ya mwimbaji kwenye noti iliyo karibu, inahitaji uangalifu zaidi ya zote. Auto-Tune ya Antares ilitoka mwaka 1997, kazi ya Andy Hildebrand aliyekuwa akichambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya watafutaji mafuta. Kwa bure kuna MAutoPitch ya MeldaProduction, na kwa Bongo Fleva au rap yenye kiitikio ni nzuri kweli. Iweke mwanzoni, mara baada ya kusafisha kelele. Ikikaa baada ya mwangwi inasikia noti mbili kwa wakati mmoja na kubabaika. Chagua skeli ya wimbo. Ukiiacha na noti zote 12, inamvuta mwimbaji kwenye noti ya karibu hata kama si ya wimbo, na kosa dogo linageuka kosa kubwa lililonyooka.

Kwa taarabu na kaswida, izime. Ukiimba kwa maqamu (skeli ya Kiarabu) ya Bayati, noti ya pili inakaa takriban senti 150 juu ya ya kwanza, senti 100 zikiwa ni hatua moja kati ya vibonye viwili vya kinanda vinavyofuatana. Kinanda kina 100 na kina 200, katikati hakuna kitu. MAutoPitch itaivuta noti hiyo senti 50 juu au chini, na msikilizaji aliyekulia kwenye mahadhi haya atajua papo hapo kwamba pana kitu kimevunjwa, hata asipoweza kukitaja. Mteremko wa sauti wenye ladha ya Kihindi nao unageuzwa ngazi. Anayetumia REAPER ana ReaTune yenye ukurasa wa kusahihisha kwa mkono: gusa ile noti moja iliyoteleza, mengine yaache alivyoyaimba mwenyewe.

Mwangwi: Valhalla Supermassive ni ya bure na ni nzuri kupindukia, lakini ni ya anga kubwa, si ya chumba. Iweke kwenye treki yake, mchanganyiko asilimia 100, upeleke sauti huko kidogo kidogo, ukate chini ya 250 Hz ili isitie tope. Kwa dilei (sauti inayojirudia baada ya muda) ya nusu pigo kwenye mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, hesabu ni milisekunde 333. Kama chumba chako tayari kina mwangwi wa vigae, tumia dilei peke yake; mwangwi juu ya mwangwi unamrudisha mwimbaji bafuni.

Pakua zote kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Furushi lililovunjwa kufuli, linalouzwa kwenye flashi, mara nyingi huja na virusi, na programu inayoanguka katikati ya kazi ya mteja inagharimu zaidi ya plagini yoyote. Faili za plagini za aina ya VST3 kwenye Windows hukaa C:\Program Files\Common Files\VST3. Plagini isipoonekana, angalia huko kwanza, kisha iambie programu ichanganue upya. Wakati wa kurekodi weka bafa (sauti ambayo laptopu inaikusanya kabla ya kuichakata) sampuli 128, ucheleweshaji wa kama milisekunde 3 kila upande, na uzime ReaFIR maana nayo inaongeza wake. Wakati wa kumiksi panda hadi 1024 laptopu ipumue.

Ukishakuwa na shilingi elfu sita au saba za kutumia, plagini ya mwangwi ya kulipia ya dola 50 ingoje. Nenda Kongowea, kwenye mitumba, utafute mablanketi mazito mawili au matatu. Yatundike nyuma ya mwimbaji na pembeni mwake, si nyuma ya maiki, kwa sababu maiki ya upande mmoja inasikia kile kilicho mgongoni mwa mwimbaji, na achia nafasi ya shubiri moja kati ya blanketi na ukuta. Kisha rekodi upya "asubuhi" ile ile, uiweke kando ya ile ya kwanza, usikilize mkia wa ile i ya mwisho.