Ramani za dunia ya kale za kupamba ukuta: ipi ununue, ipi uachane nayo

Kabla hujatoa hela kuna kipimo kimoja rahisi, itafute Amerika. Ukiambiwa hii ni "ramani ya dunia ya kale" halafu kushoto unaiona Amerika imelala pale na Brazil yake, hiyo sio dunia ya kale, ni kazi ya Waholanzi ya miaka ya 1600 hivi, zile za miduara miwili na mapambo kila kona. Ni nzuri, sikatai, ila Wagiriki na Warumi hawakuijua dunia hiyo. Wauzaji wanazichanganya, wengine hawajui na wengine wanajua vizuri tu kwamba chochote chenye rangi ya kahawia kinauzika.

Na mimi niliingizwa mjini hivyo hivyo. Niliagiza kanvasi kubwa ya sebuleni, kwenye picha ya tangazo ilikuwa inavutia balaa, imefika nikaifungua nikasogea kusoma majina, aisee, herufi zote kama sisimizi waliokanyagwa, hata neno moja halisomeki. Tangu siku hiyo nikaacha kununua kwa kuangalia kwa mbali. Ramani ukisogea karibu isipokuambia kitu, bora ununue pazia.

Kwa hiyo huu mpangilio wangu unaangalia vitu viwili tu, majina yanasomeka, na je kuna kitu humo ndani cha kukufanya urudi kuangalia tena hata baada ya miezi mitatu.

Namba 1: Ptolemaio ya Ulm, 1482

Hii haina mpinzani kwangu. Klaudio Ptolemaio alikuwa Aleksandria, Misri, mnamo mwaka 150 hivi, akaandika kitabu chenye orodha ndefu ya miji na vipimo vyake vya latitudo na longitudo. Ramani aliyochora kwa mkono wake haijabaki hata moja, zote unazoziona zimechorwa na watu wa baadaye kwa kufuata namba zake, na hii ya Ulm, Ujerumani, ilichongwa kwenye ubao na jamaa anaitwa Johannes Schnitzer wa Armsheim. Pembeni kuna vichwa vya watu wanapuliza, ndio pepo zenyewe hizo, na bahari ya Hindi imefungwa kama ziwa kwa sababu pwani ya Afrika inakata kona kwenda mashariki mpaka inakutana na Asia.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kuipenda. Mto Nile unaanzia kwenye Milima ya Mwezi, chini yake maziwa, na hayo yaliandikwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kulizungukia Ziwa Victoria na kujisifu. Kitabu chenyewe kinautaja mji wa Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo mpaka leo watu wanabishana ilikuwa wapi, wapo wanaosema ni delta ya Rufiji, na kisiwa cha Menouthias ambacho mmoja atakwambia ni Unguja, mwingine Pemba, mwingine Mafia. Mgeni akiingia ndani hiyo ndio stori yako ya kwanza, hata chai haijaiva.

Cha kuangalia unaponunua: toleo la 1482 linajulikana kwa bahari ya bluu iliyokolea, lile la 1486 bahari zake ni za kahawia. Kama wewe ni mtu wa bluu usikubali kupewa la pili eti ni ile ile. Halafu angalia herufi N. Schnitzer alikuwa anazichonga N kinyume, kama unaziona kwenye kioo. Ukikuta N zimenyooka vizuri basi mtu ameichora upya kwenye kompyuta, na hapo shusha bei au ondoka.

Saizi, ile ya asili ni kama sentimita 40 kwa 55, kwa hiyo karatasi ya saizi ya A2 inakupa karibu ukubwa wake halisi, haina haja ya kuivuta iwe kama bango la kampeni.

Namba 2: Ortelius, safari ya Bahari ya Eritrea, 1597

Abraham Ortelius wa Antwerp ndiye aliyetoa atlasi maarufu ya mwaka 1570, ila alikuwa na ugonjwa wa historia, akaanza kuongezea ramani za dunia ya Warumi na Wagiriki na Biblia, akaziita Parergon. Ya kwangu humo ni hii inayoitwa Erythraei sive Rubri Maris Periplus. Bahari ya Eritrea kwa watu wa kale sio Bahari ya Shamu peke yake, ni pamoja na bahari yote ya kwetu hii kwenda mpaka India. Imetokana na maelezo ya mfanyabiashara wa Kigiriki wa karne ya kwanza, aliyeandika kwamba soko la mwisho la Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, ni Rhapta, na kwamba jina lenyewe limetoka kwenye mashua zilizoshonwa kwa kamba, na kwamba huko kuna pembe za ndovu na magamba ya kasa. Ukiwahi kusikia habari za mtepe unajua anaongelea nini.

Hii ni ya kuchongwa kwenye shaba, mistari yake myembamba sana, ndio maana nimeiweka ya pili, kwenye printa mbovu inakufa kabisa. Ukiipata imechapishwa vizuri kwenye karatasi isiyong'aa, ni nzuri hata kuliko ya kwanza.

Namba 3: Al-Idrisi

Najua, najua, hii ni ya 1154, sio ya kale kwa maana hiyo. Ila Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, aliifanya Sicily kwa mfalme Roger II akiwa amesimama juu ya mabega ya Ptolemaio, na Malindi na Mombasa anazitaja na chuma chao, nani ataiacha? Inayouzwa sana ni ile ambayo Mjerumani Konrad Miller aliunganisha vipande 70 akaitoa mwaka 1928, majina kayaandika kwa herufi za Kilatini. Kusini iko juu. Kuna wauzaji wanaigeuza kaskazini iwe juu ili mteja asishtuke, matokeo yake maandishi yote yanakaa kichwa chini na yeye wala hajali. Ni ndefu kwa upana, inataka ukuta juu ya kochi.

Namba 4: Peutinger

Ramani ya barabara za Warumi, nakala ya zama za kati, asili iko maktaba ya taifa Vienna, urefu wake karibu mita 6.75 na kimo sentimita 34 tu. Dunia imevutwa kama mpira wa manati, Italia imelala. Kwa upande wa India imeandikwa huku wanazaliwa tembo, huku wanazaliwa nge. Naipenda sana lakini nani ana korido ya hivyo? Ukinunua kipande, chukua chenye Roma, mtu kakaa kwenye kiti cha enzi na barabara zinamtoka pande zote.

Ya mwisho: kanvasi ya kahawia yenye nyufa bandia

Zile zimechomwa pembeni, zina doa la chai na dira kubwa katikati. Hapana. Kanvasi yenyewe sio mbaya, ila nyuzi zake zinakula maandishi madogo, inafaa picha ya machweo.

Sasa mimi siku hizi sinunui iliyo tayari. Maktaba ya Bunge la Marekani, maktaba ya taifa ya Ufaransa na mkusanyiko wa ramani wa David Rumsey wameweka skani nyingi mtandaoni bure, unashusha faili kubwa unaenda nalo kwa wachapishaji. Kwa A2 tafuta upande mrefu uwe na pikseli kama elfu saba, kwa A1 elfu kumi, ukiwa na pungufu kidogo sio mwisho wa dunia ila ukienda na picha ya elfu moja na mia mbili utarudi na ukungu. Waambie hutaki wino wa mabango wala ile karatasi ya plastiki, unataka karatasi nzito isiyong'aa, gramu 200 kwenda juu, na ikiwezekana wino wa pigmenti kwa sababu wa kawaida unapauka haraka. Na usiitundike linapopiga jua la saa kumi.

Ukikaa pwani kuna unyevu, karatasi ikigusa kioo inaganda na kuota ukungu, mwambie fundi wa fremu aweke ile kadibodi yenye dirisha kati ya picha na kioo. Fremu itakutoka kuliko ramani yenyewe, jiandae.

Na mtu akikwambia yake ni orijino, omba kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vimepangana kama kwenye gazeti, imetoka kiwandani juzi.

Jambo la mwisho, fundi wa fremu usimwachie kazi ukaenda kunywa soda. Wanapenda kukata pembezoni ili picha iingie kwenye fremu waliyonayo tayari, na kwenye ile ya Ulm jina la Johannes liko juu kabisa kwenye ukingo. Ya kwangu ya kwanza ilirudi bila jina.