Uzoefu wangu na "33", kipindi cha kwanza cha Battlestar Galactica

Tamthilia nyingi za kisayansi zinazohusu anga za mbali huanza kwa kumweleza mtazamaji ulimwengu wao: nani anatawala, mitambo inafanyaje kazi, adui ametoka wapi. Kipindi cha kwanza cha msimu wa kwanza wa Battlestar Galactica, kiitwacho "33", hakijishughulishi na maelezo hayo, kwa sababu kinapoanza wahusika wake wamekwisha kukesha kwa zaidi ya siku tano. Kila baada ya dakika 33 Cylon, yaani roboti walioasi na kuwageukia binadamu waliowaunda, hutokea na kushambulia. Na kila wanapotokea, msafara wa meli za raia unaolindwa na manowari Galactica hulazimika kuruka hadi sehemu nyingine ya anga, kisha saa ikaanza kuhesabu upya. Nimekitazama zaidi ya mara moja, na bado nakihesabu miongoni mwa vipindi vya mwanzo vilivyotungwa vizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona katika fani hii.

Kiliandikwa na Ronald D. Moore na kuongozwa na Michael Rymer. Kilirushwa kwanza Uingereza mnamo Oktoba 2004, kisha Marekani mnamo Januari 2005, na mwaka huohuo wa 2005 kikatunukiwa tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa kazi za hadithi za kisayansi na za kifantasia. Kwangu mimi tuzo hiyo ilistahili, hasa kwa jinsi kipindi kinavyoushughulikia uchovu.

Adui wa kweli katika kipindi hiki ni usingizi. Mabomu yapo, na marubani wanarushwa nje kupigana, lakini kinachotisha ni kuona watu wenye ujuzi wakianza kukosea mambo madogo, wakijibizana kwa hasira bila sababu, wakisahau walichokuwa wakikisema. Kamera inashikwa mkononi na kutikisika kidogo, kana kwamba mpigapicha naye hajalala. Edward James Olmos na Michael Hogan, wanaoigiza Kamanda Adama na msaidizi wake Kanali Tigh, wanazungumza kwa sentensi fupi za watu waliofahamiana miaka mingi na ambao hawana tena nguvu za kupambiana maneno. Yapo pia mabishano kati ya Apollo, mkuu wa marubani, na Starbuck, rubani hodari asiyetaka kumeza vidonge vya kuzuia usingizi. Starbuck ndiye mkaidi, lakini ndiye pia anayemkaripia Apollo na kumtaka aache kuwa rafiki wa kila mtu, awe kiongozi anayetoa amri. Anamfundisha namna ya kumwadhibu yeye mwenyewe! Katika dakika moja au mbili tunaelewa uhusiano wao wote, pasipo mtu yeyote kuusimulia.

Kuna mandhari mbili ndogo ambazo nisingependa mtazamaji azipite kwa haraka. Ya kwanza ni ya Dualla, ofisa wa mawasiliano, anayepita katika ujia wa manowari akiwa na picha ya jamaa zake na kukuta kuta zimejaa picha za watu waliopotea, zimebandikwa moja juu ya nyingine. Naye anabandika ya kwake. Ya pili ni ubao ulioko katika meli ya Rais Laura Roslin, ambapo idadi ya binadamu wote waliobaki huandikwa kwa mkono. Kipindi kinaanza na watu 50,298 na kumalizika na 47,973, na yule mmoja wa mwisho ni mtoto mchanga aliyezaliwa katika msafara. Mary McDonnell, anayemwigiza Roslin, anaupokea ujumbe huo kwa tabasamu dogo sana, na nadhani kama angecheka au kulia tukio lote lingeharibika.

Katikati ya kipindi umo uamuzi unaohusu meli iitwayo Olympic Carrier. (Anayetaka kuanza bila kujua lolote aishie hapa.) Meli hiyo, yenye abiria 1,345, inaachwa nyuma katika mruko mmoja, na mara tu inapoachwa mashambulizi yanakoma. Watu wanaanza kupumua. Kisha saa kadhaa baadaye meli hiyo inatokea tena, na saa ya dakika 33 inarudi nayo. Haitii amri ya kusimama, mitambo inabaini dalili za silaha ya nyuklia ndani yake, na Apollo anapopita karibu na madirisha haoni mtu yeyote. Hata hivyo, kutomwona mtu si sawa na kuwa na hakika kwamba hakuna mtu. Adama na Roslin wanalibeba jambo hilo pamoja, mwanajeshi na raia, na amri ya kuilipua inatolewa. Nilichokithamini ni kwamba kipindi hakimpatii mtazamaji ushahidi baada ya tendo ili kumtuliza. Kazi nyingine ingetuonyesha kwamba meli ilikuwa tupu, nasi tungelala vizuri.

Baadhi ya watazamaji hulalamika kwamba hatuambiwi kamwe kwa nini ni dakika 33. Siafikiani nao. Wahusika wenyewe hawajui, na hawana muda wa kuulizana. Maelezo ya kitaalamu yangetutoa katika hali yao na kutuweka mahali salama pasipostahili. Muziki wa Bear McCreary, unaotegemea zaidi ngoma kuliko okestra nzito iliyozoeleka katika tamthilia za anga, unafanya kazi hiyohiyo ya kutunyima utulivu. Ushauri wangu ni kukitazama kwa vipokea sauti vizuri.

Kasoro zipo. Kila tunaporudishwa kwenye sayari ya Caprica, ambako Helo, ofisa wa Galactica aliyeachwa nyuma huko, anakimbia msituni huku mvua ikinyesha, kamba iliyokuwa imekazwa inalegezwa. Najua visa hivyo vinahitajika kwa vipindi vya mbele, lakini hapa vinapunguza kasi. Matukio ya Baltar, mwanasayansi aliyewasaidia Cylon bila kujua, na mwanamke anayemwona akilini mwake ni bora zaidi, kwa kuwa nyumba yenye mwanga wanamokutana inaufanya msongo wa manowari uonekane mkali zaidi. Na tena, hofu ya Baltar kwamba siri yake itafichuliwa imefungamanishwa moja kwa moja na Olympic Carrier.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kipindi kinadhani umekwisha kutazama tamthilia fupi ya Desemba 2003 iliyotangulia. Asiyeiona hatajua Roslin aliupataje urais, wala hatashtuka marubani wanapomtania mwenzao Boomer kwamba hachoki kwa sababu ni Cylon, ilhali aliyeitazama anajua kwamba utani huo ni kweli. Kwa hiyo anza na hiyo ya 2003, ndipo uje kwenye "33", na ukiweza kipindi kinachofuata, "Water", kitazame mara baada ya hapo, maana jambo la Boomer linashikwa papo hapo na kwa uzito linaostahili.