Ostia Antica na mwongozaji wa peke yetu: uzoefu wangu katika bandari ya kale ya Roma

Anayefika Roma na kutaka kuyaelewa magofu ya Warumi wa kale, si kupiga picha tu, ningemshauri atenge siku nzima kwa ajili ya Ostia Antica, na fedha aliyokusudia kumlipa mwongoza watalii binafsi aitumie huko kabla ya kuifikiria Colosseum. Colosseum ni jengo moja ambalo hata mtoto akiliona anajua lilikuwa la kazi gani. Ostia ni mji mzima, wenye barabara, maghala, nyumba za kupanga, viwanda vya mikate, mabafu, mahekalu, vyoo vya umma na ofisi za wafanyabiashara wa meli, na sehemu kubwa yake imebaki kuta zisizo na paa, huku vibao vya maelezo vikiwa vichache na vifupi. Asiye na mtu wa kumwonyesha anaweza kuzunguka humo tangu asubuhi hadi jioni na kutoka akiwa ameona matofali mengi bila kujua ni ya nini.

Tulikuwa wanne: mimi, mama yangu mzazi aliyetoka Tanga kututembelea, dada yangu anayefanya kazi Roma, na mwanawe ambaye bado yuko shule ya msingi. Tulichagua ziara ya saa tatu kwa Kiingereza, kwa kuwa mwongozaji anayezungumza Kiswahili hatukumpata, na dada akawa anamfasiria Mama. Tulilipa zaidi kidogo ya euro 200 kwa kundi letu lote, si kwa kila mtu, na hapo ndipo ziara ya namna hii inapoanza kuleta maana kwa familia: gharama ikigawanywa kwa wanne, haiko mbali sana na bei ya kujiunga na kundi la watu ishirini na zaidi. Tiketi za kuingia hazikuwemo, jambo lililoelezwa wazi tangu mwanzo. Mpwa wangu aliingia bure, kwani walio chini ya miaka 18 hawalipi katika makumbusho na maeneo ya kale ya serikali ya Italia.

Kufika huko si kazi. Treni huondoka kituo cha Porta San Paolo, kilicho jirani na kituo cha metro cha Piramide, na kwa muda wa nusu saa hivi inakushusha kituo cha Ostia Antica, ambako unavuka barabara kwa daraja la waenda kwa miguu na kutembea kidogo hadi langoni. Wapo wanaouza ziara pamoja na gari la kukuchukua hotelini kwa bei inayokaribia maradufu. Isipokuwa una mgonjwa au mzee asiyeweza ngazi za daraja, sioni sababu ya kulipa nyongeza hiyo.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke aliyesomea akiolojia, akiwa amevaa kifuani kitambulisho cha leseni yake. Nchini Italia kazi hii hairuhusiwi bila leseni, nami ningependa kila anayeajiri mtu ahakikishe jambo hilo, kwa sababu nje ya vituo vya treni na mageti ya vivutio hawakosekani watu wanaojitolea kukuongoza bila kuwa na ujuzi wala idhini.

Kilichonifanya nimwamini mapema ni namna alivyoanza. Hakuanza na tarehe za makaisari, bali alitusimamisha mbele ya ukuta karibu na lango liitwalo Porta Romana, akatufundisha kuusoma. Palikuwa na sehemu iliyojengwa kwa vijiwe vidogo vya mraba vilivyolazwa mshazari, hata uso wa ukuta ukafanana na wavu wa kuvulia samaki. Akaeleza kwamba ujenzi huo ni wa zamani zaidi, na kwamba matofali mekundu yaliyolazwa safu kwa safu yalienea sana katika karne ya 2, hasa wakati wa Kaisari Hadrian, aliyetawala tangu mwaka 117 hadi 138 B.K., ambapo sehemu kubwa ya Ostia ilijengwa upya. Akatuonyesha pia mahali ambapo ukuta umevunjika, ili tuone kwamba matofali ni uso tu: ndani yake mna zege la chokaa, kokoto na majivu ya volkano, na ndilo linalobeba uzito. Sisi tuliokulia pwani tumezoea magofu ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama yale ya Gedi na Kilwa Kisiwani, kwa hiyo Mama alikwenda moja kwa moja kuigusa ile chokaa kwa vidole na kuuliza ilichomwaje. Mwongozaji alifurahi mno kuulizwa swali hilo, akasimama hapo muda ambao hakuna kiongozi wa kundi kubwa angethubutu kuutumia kwa ajili ya ukuta.

Kisha tukapanda kwenye jukwaa dogo linalotazama mabafu ya Neptuni, ambapo sakafuni mna mozaiki ya vijiwe vyeusi na vyeupe ikimwonyesha mungu huyo wa bahari akivutwa na farasi wanne wenye mikia ya samaki. Ni kazi nzuri, na mpwa wangu aliipenda kuliko vyote. Hata hivyo, kwangu mimi ziara ilifika kilele chake nyuma ya ukumbi wa michezo ya kuigiza, katika uwanja uitwao Piazzale delle Corporazioni.

Uwanja huo ni wa mstatili, una mabaki ya hekalu katikati, na pande zake tatu zimezungukwa na vyumba vidogo vipatavyo sitini. Mbele ya vyumba vingi mna mozaiki sakafuni, yenye picha na maandishi yanayotaja watu wa mji fulani: wenye meli wa Carthage (Tunisia ya leo), wenye meli na wafanyabiashara wa Cagliari (kisiwani Sardinia), watu wa Narbonne (Ufaransa ya leo), watu wa Alexandria (Misri), watu wa Sabratha. Kuna meli zenye matanga, pomboo, mnara wa taa, na kipimo cha kupimia nafaka. Wataalamu wengi huviona vyumba hivyo kuwa ofisi za mawakala, na mwongozaji wetu alitueleza kazi yao kwa utulivu, akianza na tumbo la Roma. Mji wa watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja haukuweza kujilisha kwa mashamba ya jirani. Ngano ilitoka Misri na Afrika ya Kaskazini, na mafuta ya zeituni na mvinyo vilitoka pande nyingine za Mediterania. Meli kubwa zilitia nanga, shehena ikapimwa na kuhifadhiwa ghalani, kisha ikapakiwa katika mashua zilizovutwa kwa kamba kuupanda mto Tiber hadi Roma. Kaisari Claudius alianza kujenga bandari mpya kaskazini ya Ostia mwaka 42 B.K., na Kaisari Trajan akaongeza baadaye bwawa lenye pembe sita, kwa sababu mdomo wa mto ulikuwa na tope na haukuweza kuzipokea meli kubwa zote. Bandari hizo ziko karibu na uwanja wa ndege wa sasa wa Fiumicino, kwa hiyo abiria wengi hushuka Roma jirani kabisa na mahali ambapo chakula cha Warumi kilishushwa, bila kuambiwa.

Mozaiki ya watu wa Sabratha ina picha ya ndovu. Hapo nilimuuliza mwongozaji swali nililokuwa nalo tangu niione picha hiyo vitabuni: je, yawezekana pembe zilizofika hapa zilitoka kwetu? Angeweza kunipa jibu la kunifurahisha, na nadhani wengi wangefanya hivyo. Yeye alijibu kwamba Sabratha iko katika Libya ya leo, na kwamba pembe zilizosafirishwa na watu wake huhusishwa na Afrika ya Kaskazini na njia za jangwani, si na pwani ya Bahari ya Hindi. Ndipo akanigeuza kutazama upande wa ofisi ya Alexandria, akasema kwamba kama natafuta pembe za kwetu, njia yao ilikuwa ile: upo mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., unaotaja soko la Rhapta, ambalo wanahistoria wengi huliweka katika pwani ya Tanzania, na kuorodhesha pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa zake. Shehena ya namna hiyo ilipitia Bahari ya Shamu, ikavushwa hadi mto Nile, ikateremka Alexandria. Sikuwahi kuelezwa historia ya pwani yetu kwa usahihi huo na mtu asiye wa kwetu, na nilithamini zaidi kwamba alikataa kwanza jibu rahisi.

Kutoka hapo tulipita kiwanda cha mikate chenye mawe makubwa ya kusagia ya volkano yaliyozungushwa na wanyama. Tukaona ua lenye mitungi zaidi ya thelathini iliyofukiwa ardhini hadi shingoni, kisha ghala ambalo juu ya lango lake yamechongwa majina ya wamiliki wawili, Epagathus na Epaphroditus, majina ya Kigiriki yanayoashiria kwamba huenda walikuwa watumwa walioachwa huru na kutajirika. Mgahawa wa kale ulio karibu na nyumba ya ghorofa iitwayo Nyumba ya Diana bado una kaunta yake, rafu za marumaru na mchoro wa vyakula ukutani. Choo cha umma chenye viti vya marumaru kilitazamwa haraka. Kila mgeni hukipiga picha, na maelezo yake ni mafupi.

Jambo ambalo lisingewezekana katika ziara ya kundi lilitokea baada ya hapo. Mama ni Mkatoliki, na alikuwa amesikia kwamba Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alifariki Ostia. Alimuuliza mwongozaji, akimwita “binti yangu”, kama ni kweli. Ni kweli: Monika, mwanamke wa Afrika ya Kaskazini kutoka Thagaste, katika Algeria ya leo, alifariki hapa mwaka 387 akisubiri meli ya kurudi nyumbani pamoja na mwanawe. Mwongozaji akatupa hiari. Tungeweza kuendelea na hekalu la mungu Mithras na jumba jingine la mabafu yaliyokuwa kwenye ratiba, au tuyaache na kutoka mapema twende kanisa la Sant'Aurea, katika kijiji kidogo kilicho ng'ambo ya barabara, ambako kimehifadhiwa kipande cha jiwe la kaburi la Monika kilichofukuliwa karibu na kanisa hilo mwaka 1945. Tulichagua kanisa. Alitufafanulia pia kwamba masalia ya mtakatifu yenyewe yalihamishiwa Roma mwaka 1430 na yako katika kanisa la Sant'Agostino, ili Mama asidhani kwamba anasali mbele ya kaburi. Mama alikaa pale kwa muda aliotaka, na hakuna aliyetazama saa.

Kasoro zipo, na nyingine si ndogo. Ukurasa wa kampuni tuliyoitumia kuweka nafasi uliahidi mji mzima pamoja na sinagogi ndani ya saa tatu, ahadi isiyotekelezeka hata kama tusingekwenda kanisani, kwani barabara kuu peke yake ina urefu unaozidi kilomita moja, na sinagogi liko mwisho wake, nje ya lango la bahari. Mwongozaji mwenyewe alitueleza mapema kwamba hatungefika, na nilimheshimu kwa hilo, ila kampuni ilipaswa kuandika ukweli. Vilevile njia zimesakafiwa kwa mawe meusi makubwa yasiyo sawa, yenye mifereji ya magurudumu ya mikokoteni, na vivuli ni vichache. Mama alichoka magoti mapema kuliko tulivyotarajia, na tungeelezwa hali hiyo tulipoweka nafasi, tungemletea fimbo.

Kwa kuwa mlangoni walituruhusu kuingia tena kwa tiketi zilezile, baada ya kuagana na mwongozaji mimi na mpwa wangu tulirudi, Mama na dada wakabaki mkahawani. Tulitembea hadi kwenye sinagogi, lililogunduliwa mwaka 1961 wakati wa ujenzi wa barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, na ambalo ni miongoni mwa masinagogi ya kale zaidi yanayojulikana Ulaya. Juu ya nguzo zake imechongwa menora, kinara chenye matawi saba. Njiani mpwa wangu alikuwa akinionyesha kuta na kuniambia ipi ina sura ya wavu na ipi ni ya matofali, akikosea mara chache sana.

Ningeilipia ziara hii tena kwa bei ileile. Atakayeifuata njia yetu aandike kwa mwongozaji kabla ya kulipa, amweleze umri na afya ya kila aliye naye, aseme anapenda nini, na aombe ratiba yenye vituo vichache. Aulize kama tiketi zimo, na kama anaweza kuingia tena baada ya kutoka. Awe na kofia na chupa ya maji, na asichague Jumatatu, kwani siku hiyo magofu hufungwa.