3M 6200: barakoa ya vumbi na moshi wa kiwandani, na makosa yanayoifanya pambo

Barakoa ya bluu ya hospitalini haina kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto. Vumbi linaloonekana hunaswa puani na kooni, jioni mtu analipenga na kulitema. Linalochimba mapafu ni lile lisiloonekana, chembe za mikroni chache tu (unywele mmoja ni mikroni 70 hivi) zinazoshuka hadi kwenye vifuko vya hewa na kukaa huko. Barakoa ya bluu huacha nafasi mashavuni, hewa ikapita pembeni na chembe nazo zikafuata njia hiyo hiyo. Vumbi la mawe lenye silika liliwekwa kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1997, na moshi wa kuchomelea ukafuata mwaka 2017. Ndiyo maana barakoa ya nusu uso inastahili kujadiliwa kwa makini, na 6200 ya kampuni ya 3M ndiyo ambayo mafundi wengi huanza nayo.

Muundo wake ni rahisi. Kuna kiwiliwili cha plastiki laini ya kijivu kinachofunika pua, mdomo na kidevu, vichujio viwili vinavyofungwa kwa kuzungusha robo duara, mkanda wa kichwani na mwingine wa shingoni. Saizi ni tatu: 6100 ndogo, 6200 ya kati, 6300 kubwa. Maduka mengi huweka ya kati peke yake na kukwambia inamtosha kila mtu. Si kweli. Mwenye uso mwembamba akivaa 6200 hubaki na mwanya chini ya macho hata akikaza mikanda mpaka kichwa kinauma.

Barakoa yenyewe haichuji kitu. Kazi yote iko kwenye kichujio, na hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Kwa vumbi la mawe, moshi wa kuchomelea na madini ya risasi, chukua 2091, kile cha duara, bapa, cha rangi ya waridi iliyokolea. Kinazuia asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, na kwa ubapa wake kinaingia chini ya ngao ya kuchomelea bila kugonga. 2097 ni ndugu yake mwenye safu nyembamba ya makaa. Inasaidia kwa gesi ya ozoni inayotokea wakati wa kuchomelea na harufu ndogondogo, lakini usiende nayo kupuliza rangi ya gari. Kwa rangi na tina (kimiminika cha kuzimulia rangi) unahitaji katriji ya mvuke, yaani kopo la makaa linalonasa mvuke, na juu yake kichujio cha chembe, kwa sababu ukungu wa rangi ni chembe na mvuke kwa pamoja.

Angalia rangi za katriji kwa uangalifu. Maduka yetu huchanganya mzigo wa mfumo wa Marekani na wa Ulaya. Kwa Mmarekani nyeusi ni mvuke wa tina na petroli, na njano ni mvuke huo pamoja na gesi za asidi. Kwa Mzungu kahawia ndiyo ya mvuke, na njano ni gesi za asidi kama ile ya salfa, basi. Fundi aliyezoea njano ya Marekani akipewa ya Ulaya anaweza kuvuta tina siku nzima akidhani amejikinga. Soma maandishi ya ubavuni, usinunue kwa rangi.

Kuivaa kuna utaratibu. Nyoa ndevu, hata za siku moja zinavunja mshikamano wa barakoa na ngozi. Mwenye hijabu apitishe mikanda chini ya kitambaa, na kusiwe na uzi wowote kati ya plastiki na uso. Kisha jaribu mara mbili. Kwanza ziba vali ya mbele, ile ya kutolea pumzi, kwa kiganja na pumua nje taratibu: barakoa ivimbe kidogo bila hewa kutoka pembeni. Pili, bonyeza vidole gumba katikati ya vile vichujio bapa na vuta pumzi: barakoa ijikunje na ibaki imejikunja. Ikivuja puani, isogeze juu au chini kabla ya kukaza mikanda.

Ikikaa sawasawa inahesabiwa kukukinga mara 10, yaani vumbi unalovuta ni sehemu moja ya kumi ya lililo hewani. Kikomo cha silika cha Marekani ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa saa 8, kwa hiyo inafaa mpaka 500. Kukata graniti kwa grainda kavu ndani ya chumba kunaweza kupita hapo. Mwaga maji kwenye diski kwanza, halafu ndipo uvae. Ndani ya tangi au shimo usiingie nayo kabisa: haitoi oksijeni, na hakuna katriji yake inayozuia gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi.

Matunzo ndiyo udhaifu wa karakana zetu. Kupuliza kichujio kwa kompresa kunachana nyuzi zake. Kinaonekana safi na hakichuji tena. Kikiwa kizito kupumulia, kitupe. Barakoa ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni bila petroli wala spiriti, uianike kivulini. Katriji za makaa zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwani zikining'inia msumarini usiku kucha zinaendelea kulewa mvuke wa karakana. Ngozi nyembamba ya vali ya kutolea pumzi hujikunja kwa jasho na joto la Pwani. Kipuri chake ni 6889.

Dosari zake: jasho hujaa kidevuni, sauti inazama kiasi kwamba watu huishusha ili waelewane (na hapo hapo wanavuta vumbi), na plastiki hii hukakamaa mapema kuliko silikoni ya 7500, barakoa nyingine ya 3M.

Kwa risasi kuna jambo ambalo barakoa haigusi. Vumbi lake hupanda nguo na viatu, likafika nyumbani kwa watoto, na linalotoka kwenye bomba la kiwanda halimwulizi mtu kama amevaa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza 2007 kilifungwa 2014, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga ndani ya geti. Anayefanya kazi ya betri aoge na kubadili nguo hapo hapo kazini, nguo hizo zisifuliwe na za watoto.

Ukienda dukani, ijaribu usoni kabla ya kulipa. Chukua jozi mbili za 2091 na vali moja ya akiba. Katriji iliyokwisha kufunguliwa pakiti iache hapo kaunta, hata wakikupunguzia nusu bei.