Uzoefu wangu na kitabu cha mazoezi ya kuandika maelekezo, Gredi ya Sita

Kitabu hiki shule yetu ilikinunua pamoja na kadi zake za mazoezi kwa ajili ya somo la Kiswahili, nami nimekifundishia muhula mzima. Jalada lake linaahidi mengi, lakini halitaji kabisa jambo moja linalokifanya kistahili bei yake, nalo ni mazoezi ya wawili wawili: mwanafunzi mmoja anaandika maelekezo, mwenzake anayatekeleza kama yalivyoandikwa, na mwandishi haruhusiwi kusema neno, kuonyesha kwa kidole wala kutikisa kichwa mpaka kazi iishe.

Kwa desturi, maelekezo husahihishwa kama insha nyingine yoyote. Mwanafunzi huandika kichwa, huorodhesha vifaa, huzipa hatua nambari na kupata alama nzuri, bila mtu kujua kama chai aliyoieleza ingenyweka. Kadi ya chai ya maziwa ilitutoa huko siku ya kwanza. Aliyeandika "tia majani" alimwona mwenzake akiishika pakiti nzima juu ya sufuria tupu, tayari kuimimina yote, na mwingine aligundua kwamba maji yake yalikuwa yamechemka katika hatua ya pili ilhali jiko lilikuja kuwashwa katika hatua ya tano. Darasa lilicheka, lakini wote wawili waliandika upya bila kuagizwa, jambo ambalo kalamu yangu nyekundu haijawahi kulifanikisha. Mazoezi haya hayahitaji moto. Sufuria, kikombe na pakiti vinatosha.

Sura ya vitenzi ni bora kuliko nilivyotarajia. Wanafunzi wengi huandika "osha sufuria, kisha unamimina maji, halafu mtu anawasha jiko", kana kwamba maelekezo yameandikwa na watu watatu. Kitabu kinamtaka mwandishi achague ama amri, yaani osha, mimina, washa, ama dhamira tegemezi, yaani uoshe, umimine, uwashe, kisha abaki hapo hadi mwisho. Kinaonyesha pia kwamba "maji yakichemka, tia majani" humpa msomaji dalili ya kungojea, wakati "chemsha maji, tia majani" humwacha akikisia. Kuna ukurasa mmoja kuhusu mahali pa kuweka tahadhari ambao ningeupenda uwe sura nzima, kwa maana anayeambiwa ashike mfuniko kwa kitambaa baada ya kuambiwa afunue sufuria ameshaungua.

Lawama yangu kubwa ni kadi ya maji ya chumvi na sukari ya kumpa mtoto anayeharisha. Imeandikwa "vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika maji safi", basi. Haisemi ni maji kiasi gani, wala ni kijiko kipi, wala kama kijiko kisawazishwe au kijazwe pomoni. Kipimo kinachojulikana ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji salama, na kilichobaki baada ya saa 24 humwagwa. Chumvi ikizidi, kinywaji hicho chenyewe humdhuru mtoto, kwa hiyo kadi hii si ya kuachwa mikononi mwa mwanafunzi ilivyo. Niliigeuza kuwa zoezi la kutafuta kilichokosekana, na humo lilizuka swali zuri kuhusu pakiti za dawa hiyo zinazouzwa dukani, kwa kuwa nyingine huchanganywa katika nusu lita na nyingine katika lita nzima. Wanafunzi waliamua kwamba hatua ya kwanza iwe "soma kwenye pakiti kiasi cha maji kinachotakiwa", nami sikuona cha kuongeza.

Kadi za keki nilizipita, maana zinadhani kila shule ina ovena na mizani ya jikoni. Majibu yaliyo nyuma ya kitabu nayo hayasaidii sana, kwani yanatoa mfano mmoja tu wa maelekezo sahihi na kumfanya mwalimu asiye makini akate alama za mwanafunzi aliyepanga hatua zake kwa njia nyingine inayofika palepale. Mwongozo wa kutuza alama pia unalipa muundo zaidi ya matokeo. Mimi niliubadilisha, nikampa mtekelezaji sehemu ya alama za kutoa, huku akieleza kwa maandishi ni wapi alikwama.

Kwa mzazi anayefikiria kumnunulia mtoto kitabu hiki asome peke yake chumbani, sikipendekezi. Bila mtu wa kutekeleza kinachoandikwa, kinabaki kuwa mkusanyiko wa insha za mfano, na hizo zimejaa tele madukani. Kwa mwalimu, ningeanza na kadi, ambazo kwa bahati huuzwa pia bila kitabu: seti moja hutosha wanafunzi wanne, na afadhali zitiwe plastiki kabla ya kugawiwa, kwa sababu karatasi yake ni nyepesi na zetu zilianza kuchanika pembeni kabla ya likizo fupi.